Beryl Markham: msichana wa Njoro aliyefundisha farasi wagumu

Jina la Beryl Markham hutajwa mara nyingi kwa ajili ya safari moja ya ndege. Tarehe 4 mwezi wa tisa 1936 aliruka peke yake kutoka Uingereza, akapambana na upepo wa bahari ya Atlantiki usiku kucha, na siku iliyofuata ndege yake ikaanguka katika matope ya Cape Breton, nchini Canada. Alitoka akiwa na jeraha la kichwa, lakini mzima. Hakuna mwanamke mwingine aliyekuwa amevuka bahari hiyo peke yake kutoka mashariki kwenda magharibi.

Safari ile ilichukua muda wa saa 21 hivi, na Beryl aliishi miaka 83. Kazi aliyoianza akiwa msichana, na ambayo aliirudilia alipokuwa mama mzima asiye na mali, ilikuwa ya kufundisha farasi. Aliifanya nchini Kenya, kati ya watu waliosema Kiswahili na lugha za bonde la ufa, na sehemu kubwa ya alichojua alikipata kwao.

Wakaaji wa Vitshumbi, kijiji cha wavuvi kilicho ndani ya hifadhi ya Virunga kusini mwa Ziwa Edward, hawahitaji kuelezwa maana ya kuishi na wanyama wakubwa bila uzio. Kiboko hupanda usiku kutoka majini kula majani, na tembo hupita karibu na nyumba. Farasi si mnyama wa huko. Hata hivyo, swali lililomshughulisha Beryl kwa maisha yote linaeleweka vizuri kando ya ziwa hilo: mnyama mwenye nguvu kukuzidi, ambaye hajui lugha yako, utafanyaje ili mwelewane bila mmoja kumvunja mwingine?

Mtoto aliyebaki na baba

Beryl Clutterbuck alizaliwa tarehe 26 mwezi wa kumi 1902 katika kijiji cha Ashwell, Uingereza. Baba yake, Charles Clutterbuck, alikuwa askari wa zamani na mjuzi wa farasi. Mtoto akiwa bado mdogo sana, jamaa hiyo ilihamia Afrika Mashariki, wakati serikali ya kikoloni ya Uingereza ilipokuwa ikigawa mashamba makubwa kwa Wazungu kando ya reli mpya ya kutoka Mombasa hadi Ziwa Victoria. Ardhi hiyo ilikuwa na wenyewe, lakini hao hawakuulizwa.

Clutterbuck alipata shamba huko Njoro, karibu na Nakuru, akaliita Green Hills. Alianzisha kinu cha kusaga nafaka na mashine ya kupasua mbao, na polepole akajenga mabanda ya farasi. Mama yake Beryl hakuyaweza maisha hayo. Alirudi Uingereza pamoja na kaka ya Beryl, naye msichana akabaki na baba. Alikuwa na umri wa miaka 4 hivi.

Baba alikuwa mtu wa kazi nyingi na maneno machache, kwa hiyo mtoto alilelewa zaidi na watu wa shamba. Wengi walikuwa Wanandi na Wakipsigis, ambao leo wanahesabiwa kati ya Wakalenjin. Alijifunza lugha yao na Kiswahili. Alikwenda porini pamoja na wavulana wao, bila viatu, akabeba mkuki, akafuata ngiri katika nyasi pamoja na mbwa wake. Mmoja wa wavulana hao aliitwa Kibii. Baada ya kutahiriwa na kuwa mwanaume, aliitwa arap Ruta, na jina hilo litarudi mara nyingi katika maisha ya Beryl.

Porini alifundishwa mambo ambayo shule ya wasichana wa Kizungu isingempa: kusimama kimya muda mrefu, kutazama masikio ya mnyama kabla ya kutazama meno yake, kujua upepo unatoka wapi. Alipopelekwa shuleni Nairobi hakukaa sana.

Fundisho kali zaidi alilipata kwa simba. Rafiki mmoja wa baba yake alimfuga simba tangu utotoni, akamwacha atembee huru shambani, na kila mtu alimhesabu kuwa mpole. Siku moja Beryl alipita karibu naye, simba akamrukia na kumjeruhi. Watu wazima walifika wakamwokoa, lakini kovu lilibaki. Tangu hapo alijua kwamba mnyama aliyemzoea mtu hajaacha kuwa mnyama, na kwamba anayesahau jambo hilo hulipa kwa mwili wake.

Kazi ya mabandani

Siku ya farasi wa Green Hills ilianza kabla ya jua. Masaisi, yaani wachungaji wa farasi, waliingia mabandani na taa, wakatoa samadi, wakabadilisha majani makavu ya kulalia, wakapima shayiri, wakasugua ngozi kwa brashi na kukagua kwato moja baada ya nyingine. Baadaye farasi walitandikwa na kutolewa nje kwa mazoezi, hewa ikiwa bado baridi. Beryl alifanya kazi hizi zote. Baba yake hakumpunguzia kwa sababu ni mtoto, wala kwa sababu ni msichana.

Kumfundisha farasi huanza chini, si mgongoni. Kwanza anafungwa kamba ndefu na kuzungushwa kwa duara, mwalimu akiwa katikati, mpaka azoee sauti na mwendo. Kisha anawekewa lijamu, kile chuma kinachokaa mdomoni na kushikana na hatamu. Halafu tandiko, kwanza likiwa tupu. Mwishoni mtu anapanda, mara nyingi kwa dakika chache tu siku ya kwanza. Wafaransa waliipa kazi ya kumzoeza farasi kutii ishara ndogo za mwili jina la dresaji, na shule za Ulaya zimeiendeleza kwa karne nyingi. Farasi wa mbio hahitaji kucheza hatua za mapambo, lakini msingi ni ule ule: asimame anapoambiwa, ageuke bila kuvutwa, akubali mtu mgongoni bila hofu.

Farasi ni mnyama anayewindwa. Macho yake yapo pembeni mwa kichwa ili aone karibu pande zote, na akiogopa jibu lake la kwanza ni kukimbia. Akizuiwa kukimbia, anapiga teke au anasimama kwa miguu ya nyuma. Ndiyo sababu mwalimu mwenye haraka hushindwa. Farasi anaelewa ishara kwa kupumzishwa: mguu unambana ubavuni, akisogea mbana unaachiliwa mara moja, naye anajua alichofanya ndicho kilichotakiwa. Anayeendelea kumbana hata baada ya kutii anamfundisha kwamba kutii hakuna faida.

Kati ya farasi waliofika Njoro kutoka Uingereza alikuwa dume mmoja, Camciscan, mwenye ukoo mkubwa na kiburi kikubwa zaidi. Katika kitabu alichokitoa miaka mingi baadaye, Beryl alimpa farasi huyo sura nzima, na aliisimulia kama vile yumo ndani ya kichwa cha mnyama. Ni habari ya mvutano wa muda mrefu. Msichana anataka kutawala, farasi hataki kutawaliwa, kila mmoja anatumia silaha yake, na msichana anaumia. Mvutano huo hauishi kwa fimbo. Unaisha pale ambapo kila upande umejua mpaka wa mwingine.

Farasi mwingine alimpata kwa njia tofauti. Baba yake alimkabidhi jike aliyekuwa na mimba, akamwachia kazi ya kumlinda hadi azae. Beryl alikesha bandani, akasaidia kuzaliwa kwa mwana, na baba akampa mwana huyo awe wake. Alimwita Pegasus, jina la farasi mwenye mabawa katika hadithi za Wagiriki wa kale.

Mvua ilipokosa

Baada ya vita ya kwanza ya dunia, ukame ulipiga mashamba ya bonde la ufa. Clutterbuck alikuwa amejifunga kwa mikataba ya kutoa unga kwa bei iliyopangwa mbele. Mahindi yalipokosekana, bei ya nafaka ikapanda juu ya bei aliyoahidi kuuza. Angeweza kukataa, lakini alitimiza mikataba yake na kupoteza shamba. Kinu, mbao na karibu farasi wote viliuzwa, naye akaondoka kutafuta kazi ya kufundisha farasi huko Peru, Amerika ya Kusini.

Beryl alikuwa ameolewa mwezi wa kumi 1919, kabla hajafikisha miaka 17, na jirani aliyemzidi umri sana, Jock Purves. Ndoa hiyo haikudumu. Kwa muda mfupi akawa hana nyumba ya baba, wala ndoa ya kutegemea, wala fedha. Alibaki na Pegasus, vitu vichache vya kubeba juu ya tandiko, na kile alichojua juu ya farasi.

Alielekea Molo, nyanda za juu zenye baridi, akaomba leseni ya kufundisha farasi wa mbio. Akiwa na miaka 18 hivi, akawa mwanamke wa kwanza nchini Kenya kuipata. Katika klabu za Nairobi walikuwepo waliocheka. Mwenye farasi wa mbio anahatarisha fedha nyingi, na wengi hawakutaka kuziweka mikononi mwa binti. Alianza na farasi wachache, hasa wale ambao wengine walikuwa wamewachoka: wenye miguu mibovu, wenye kuuma, wenye kukataa lijamu.

Hapo ndipo arap Ruta alipomfikia. Alitembea kwa miguu hadi Molo na kuomba kazi. Watoto waliocheza pamoja Njoro, mmoja akiwa mtoto wa mwenye shamba na mwingine wa mfanyakazi, walikutana tena wakiwa watu wazima katika nchi ambayo sheria zake ziliwaweka kila mmoja mahali pake. Mmoja alikuwa na leseni, mwingine alipokea mshahara. Lakini mabandani walifanya kazi bega kwa bega, na kwa miaka mingi iliyofuata Beryl hakuwa na mtu aliyemwamini zaidi.

Miguu ya Wise Child

Mtihani uliomjulisha kwa watu ulikuja mwaka wa 1926, katika mbio za St Leger za Nairobi, zilizokuwa kati ya mbio zenye heshima kubwa nchini. Beryl alikuwa amemwandaa kwa ajili yake dume mwenye nguvu aitwaye Wrack. Mbio zikiwa karibu, mwenye farasi alimwondoa na kumpeleka kwa mkufunzi mwingine, kwa kuhofia kwamba msichana hangeweza kumfikisha kwenye ushindi. Kazi ya miezi mingi ikapelekwa kwenye banda la mpinzani.

Alibaki na jike mmoja, Wise Child. Alikuwa mwepesi na mwenye moyo, ila kano za miguu yake ya mbele zilikuwa dhaifu. Kabla ya kufika kwa Beryl alikuwa amefanyishwa mazoezi mazito mno kwa umri wake.

Ili kuelewa shida hiyo inafaa kuutazama mguu wa farasi. Chini ya goti hakuna misuli, ni mfupa, ngozi na kano tu. Farasi wa mbio ana uzito wa kilo 450 hadi 500, na anapokwenda shoti kuna nukta ambapo uzito huo wote unategemea mguu mmoja. Zaidi ya hapo, farasi wa mbio hupandwa akiwa na miaka 2 hivi, wakati mifupa yake haijakomaa. Kano iliyochanika hupona polepole na mara chache hurudi kama ilivyokuwa. Ikichanika tena, mbio zimekwisha, na mara nyingine maisha ya farasi pia.

Mkufunzi wa Wise Child alibanwa pande mbili. Bila mazoezi, jike angeishiwa na pumzi katikati ya mbio ndefu. Kwa mazoezi mengi, miguu ingekatika kabla ya siku yenyewe. Hakukuwa na dawa ya kununua. Ilibaki kupima kila siku: mkono unapita nyuma ya mguu asubuhi kutafuta joto au uvimbe, mazoezi yanafanyika kwenye ardhi laini, kisha maji baridi, bandeji, mapumziko, na kesho yake mkono unapita tena. Mguu ukiwa na joto, siku hiyo hakuna mbio, hata kama tarehe inakaribia. Kazi hiyo ya mikono ilikuwa ya Beryl na ya arap Ruta pamoja.

Siku ya mbio, mgongoni mwa Wise Child alipanda jokki kijana, Sonny Bumpus. Kadiri Beryl alivyosimulia, Wrack alionekana kuwa na nguvu zote za kushinda, na kila hatua ya jike ilikuwa na hatari ya kuwa ya mwisho. Wise Child alivumilia, akapita mstari wa kwanza. Mkufunzi mwenye miaka 23 alikuwa amemshinda farasi mkubwa aliyemwandaa yeye mwenyewe, kwa kutumia jike ambaye wengi wangemwacha malishoni.

Ushindi ule haukutokana na bahati wala na uchawi wa mkono wa mwanamke, kama baadhi walivyopenda kusema. Ulitokana na kukubali kwamba farasi ndiye anayejua maumivu yake, na kwamba mkufunzi lazima ayatafute kabla ya kudai mwendo.

Kutoka tandiko hadi ndege

Mwaka wa 1927 Beryl aliolewa na Mansfield Markham, Mwingereza tajiri, na jina hilo ndilo alilobaki nalo. Mwana wao, Gervase, alizaliwa mwaka wa 1929. Ndoa ilivunjika, na uhusiano wa Beryl na mwana wa mfalme wa Uingereza, Henry, ulizusha maneno mengi. Mtoto alilelewa Uingereza na bibi yake upande wa baba, na mama yake alimwona mara chache. Mwanamke aliyeweza kukesha na jike mwenye mimba hakuweza kukaa na mwanawe. Waandishi wa maisha yake hawakulificha jambo hilo, na halifai kufichwa.

Miaka ya 1930 ilipoanza alijifunza kurusha ndege kwa mwalimu Tom Campbell Black. Rafiki yake mkubwa, mwindaji Denys Finch Hatton, alikufa ndege yake ilipoanguka huko Voi mwezi wa tano 1931, lakini kifo hicho hakikumrudisha nyuma. Alipata leseni ya kufanya kazi ya urubani, akabeba barua, dawa na wagonjwa katika maeneo yasiyokuwa na barabara. Arap Ruta alimfuata hata huko: aliyejua kukagua kwato alijifunza kukagua injini.

Sehemu moja ya kazi hiyo inasomeka vibaya leo, hasa kwa watu wanaoishi na tembo wa Virunga. Beryl aliruka juu ya pori kutafuta tembo wenye pembe kubwa, kisha akawaonyesha wawindaji matajiri mahali walipo. Upande wa Congo, hifadhi ya Albert, ambayo sasa ndiyo Virunga, ilikuwa tayari imeundwa tangu 1925. Nchini Kenya uwindaji wa aina hiyo ulikuwa biashara ya halali na yenye malipo mazuri. Baadaye aliandika kwa kejeli juu ya tamaa ya binadamu ya kumwangusha mnyama mkubwa kuliko wote, lakini alikuwa amekwisha kula mshahara wake.

Ndipo ikaja safari ya Atlantiki. Aliruka na ndege ya injini moja, aina ya Vega Gull, aliyoazimwa. Aliondoka Abingdon jioni katika hali mbaya ya hewa, akaruka kwa saa nyingi bila kuona kitu. Karibu na nchi kavu ya Canada injini ikakosa mafuta, akashuka kwenye kinamasi, na pua ya ndege ikazama katika matope. New York ilimpokea kwa shangwe. Furaha ilikatika haraka: mwezi huohuo Tom Campbell Black aliuawa katika ajali ya ndege uwanjani Liverpool.

Kitabu kilichosahauliwa

Beryl alihamia Marekani, na mwaka wa 1942 kikatoka kitabu chake, West with the Night. Ndani yake mna Njoro, simba, Camciscan, Wise Child, arap Ruta na ndege. Mwandishi Ernest Hemingway alikisifu sana katika barua ya siri kwa mhariri wake. Lakini dunia ilikuwa vitani, kitabu kikauzwa kidogo, kikasahauliwa.

Ubishi ulizuka juu ya nani alikiandika. Mume wake wa tatu, Raoul Schumacher, alikuwa mwandishi, na wengine wanasema kalamu ilikuwa yake. Mary Lovell, aliyeandika maisha ya Beryl mwaka wa 1987, alimtetea. Errol Trzebinski, mwaka wa 1993, alielekea upande wa mume. Jambo moja halibishaniwi: mambo ya mabandani yaliyomo ndani yake yalihitaji mtu aliyewahi kuyashika kwa mkono.

Kurudi mabandani

Ndoa ya tatu nayo ilipokwisha, alirudi Kenya akikaribia miaka 50, bila fedha na bila afya nzuri. Alianza upya kwa kazi aliyoijua. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1950, farasi wake walitawala viwanja vya Nairobi kwa misimu kadhaa, na walishinda Derby ya Kenya zaidi ya mara moja. Waliofanya kazi naye walimkumbuka kama mtu mkali, asiyevumilia uzembe, ambaye angeweza kumfokea mtu asubuhi na mchana akamshika farasi mwoga kwa upole wa ajabu. Madeni kwa watu hakuyalipa vizuri. Kwa farasi hakuwahi kuwa na deni.

Mara moja tena shida haikuwa katika tabia ya farasi. Mabanda yake yalikuwa Naivasha, kando ya ziwa, na farasi walianza kudhoofika. Beryl aliamini kwamba sababu ni maji yenye floridi nyingi, jambo la kawaida katika nchi ya volkano. Wakaaji wa Goma na vijiji vilivyo chini ya Nyiragongo wanaifahamu floridi kwa meno ya watoto yanayopata madoa ya rangi ya kahawia. Inapozidi, hudhuru mifupa pia, na farasi wa mbio asiye na mifupa imara hana kazi. Katikati ya miaka ya 1960 alihamisha shughuli zake hadi Afrika Kusini. Huko hakupata mafanikio kama ya Kenya, na baada ya miaka michache akarudi.

Mwana wake Gervase alikufa mwaka wa 1971 baada ya ajali ya gari. Beryl aliendelea kufundisha farasi, kila mwaka wachache zaidi, akiishi katika nyumba ndogo karibu na uwanja wa mbio wa Ngong, Nairobi. Wezi waliivamia na kumpiga. Wakati wa jaribio la mapinduzi la tarehe 1 mwezi wa nane 1982, gari lake lilipigwa risasi njiani, naye akanusurika kwa kidogo.

Mwaka wa 1983, kitabu chake kilichapishwa tena Marekani baada ya miaka 40 ya kimya. Safari hii kilinunuliwa kwa wingi, na fedha zake zikampunguzia dhiki ya miaka ya mwisho. Alifariki Nairobi tarehe 3 mwezi wa nane 1986.

Karibu miaka 40 baadaye, wasomaji wa nchi nyingi wanamjua kama rubani. Wafundishaji wa farasi wanamkumbuka kwa jambo dogo zaidi na gumu zaidi: alipoletewa farasi aliyekataa kutii, hakuanza na adhabu. Alianza na miguu, mdomo, mgongo, chakula na maji, akitafuta kinachouma. Mara nyingi alikikuta.

Katika orodha za washindi wa Nairobi limeandikwa jina la farasi, la mwenye farasi, la mkufunzi na la jokki. Masaisi hawamo. Jina la arap Ruta limebaki kwa sababu Beryl aliliweka kitabuni, na kwa sababu hiyo tunajua kwamba zile kano za Wise Child zilishikwa na watu wawili.